Disketi ya Kamalondo

Mashine inasema haikijui chombo hiki.
Windows ya tisini na nane, jamani:
inaomba dreva, na dreva yenyewe
imo ndani ya disketi.

Mutonkole akacheka peke yake.
Akachomoa waya, akauchomeka nyuma,
tundu lililo karibu na ubao wenyewe.
Umeme ukakatika.

Mlangoni Mama Ngoie kakalia ndoo:
“Miaka ishirini na tisa ya mume wangu
kwenye shimo la Kipushi,
ofisini wanasema imo humo.”

Saa nne usiku taa zikarudi.
Krr. Krr. Kimya. Krr,
kama panya kwenye gunia la unga.
Faili moja ikafunguka:
namba ya kazi, tarehe, jina la marehemu,
herufi moja imekosewa.