Kuinama si Kula

Askari wa feri, pale Likoni, aligonga kifuniko cha boksi.
"Mna nini humu? Samaki?"
Nyamawi akamjibu bila kupepesa: "Mavi, afande.
Mavi ya palahala. Mafungu arubaini na mawili,
yametoka Shimba alfajiri, yamelalia barafu."
Watu wakacheka hadi ng'ambo ya pili.
Mwenye kuku akasogea mbali nasi.

Ndivyo inavyoanza kazi yangu.

Chumba chetu ki Tudor, juu ya duka la vipuri:
feni moja, friza moja,
na jenereta tunayoiombea dua kuliko jamaa zetu.
Kibibi huandika nambari. Mimi huchota
kipande kama punje ya mtama,
nakisaga, nakiosha, nakizungusha,
mpaka libaki tone
ambalo mtu angelifuta kwa kidole.
Mna majani yote ya jana humo.
Tumbo limesaga, limechachua, limecheua, limesaga tena,
halikuweza kufuta jina.

Herufi nne tu,
kama mtoto wa chuoni aliyekwama alifu, be, te, the,
akizirudia mpaka magharibi;
ila kila jani huzirudia kwa mpango wake,
na mpango huo ndio DNA, ndio tunaousoma.
Mashine inazidisha, moja mbili, mbili nne,
nami nanywa chai ya tangawizi nikiwaza:
angenisaga mimi mtu, angekuta
ngano ya mahamri, mbaazi, nazi, iliki,
na pojo za juzi nilizoapa sikuzigusa.

Daftari la Nyamawi ni la kalamu ya risasi:
*Saa kumi na mbili u nusu. Kundi la tisa.
Wote wanakula nyasi.
Jike wa pembe iliyovunjika yumo, ameinama na wenzake.*

Mwezi wa pili huo, mvua haijulikani iliko.

Majibu yakaja Jumanne.
Wanane: nyasi, nyasi, aina saba za nyasi.
Yule jike: magome, majani ya vichaka,
na mmea mmoja ambao orodha yetu haina jina lake.
Nyasi, kiasi cha kunusa.
Tukadhani tumechanganya vichupa.
Kibibi akaapa kwamba sivyo. Tukarudia.
Vilevile.

"Ana ndama," Nyamawi akasema kwenye simu,
baada ya kimya kirefu cha mtu anayelipia dakika zake.

Mimi sikuandika *ndama*.
Huenda ni meno. Huenda wakubwa humfukuza.
Vinasaba havisemi kwa nini,
vinasema nini, basi.

Lakini usiku ule sinia la Majengo lilinijia:
watoto watano, wali wa kukwangua,
mchuzi wa papa ambao papa aliupitia tu.
Mama ameinama nasi,
mkono ukienda, mkono ukirudi,
kidole kikilambwa.
"Nimeshiba mie. Malizeni."
Mwenye darubini mlangoni angeandika:
*Saa mbili usiku. Wote wanakula.*

Na mimi nimeandika hivyo kichwani miaka thelathini.

Jumapili nikaenda Kisauni, anakokaa kwa dada.
Akanisogezea sahani, akarudi nyuma na kigoda chake.
"Mie nimekula zamani."
Nikauacha wali upoe.
"Mama, kule Majengo, ulikuwa ukila nini?"
Akapangusa meza isiyokuwa na kitu.
Akaita mjukuu, mjukuu hayupo.
Kisha, kwa sauti ya kutaja deni la marehemu:
"Mchunga. Ulikuwa ukiota nyuma ya msala.
Nauchemsha mkishalala. Chumvi ikiwapo, chumvi."

Halafu akainua macho.
"Nani kakwambia?"

"Palahala," nikasema.

Akanitazama
kama mtu aliyechunguliwa jikoni.