Kabla Treni Haijafika

Kaa hapo, Kalunde, juu ya hiyo kompresa, haina kazi tena.
Nikimaliza kuziba mrija huu nitakupeleka stesheni.
Mama yako amekwisha kukupa dua na asali ya Sikonge.
Asali itie katikati ya nguo,
kifuniko ukizungushie mfuko, mara mbili.
Yangu ilimwagikia cheti cha kuzaliwa,
na ofisa wa uwanjani akalamba kidole kabla ya kugonga muhuri.

Unasema joto unalijua,
umeona Oktoba ya Isevya, mbwa wakilala mtaroni.
Mwanangu, joto la hapa lina adabu:
likizidi, huenda kuita mvua.
La kule halimwiti mtu.
Jua likizama, kuta ndizo zinazoanza.

Sikiliza hili la bomba.
Tangi liko juu ya paa, kwa hiyo Julai
bomba la baridi litakutolea maji ya kuchemshia chai.
Hita izime kabisa. Yaliyomo ndani ya nyumba yatapoa,
nawe utafungua la moto upate baridi.
Siku ya kwanza nilicheka peke yangu.
Mwaka wa tatu nilikuwa nimesahau
kwamba kuna mahali bomba husema kweli.

Kunywa kabla ya kiu.
Kiu ni karani mvivu,
barua yake hufika ofisi imeshafungwa.
Mkojo ukiwa rangi ya chai kavu, acha cherehani,
kaa kivulini, tafuta ndimu na chumvi,
hata mwenye duka akikunja uso. Uso wake utakunjuka.

Na chukua sweta.
Cheka tu. Humo madukani wamefungia Njombe nzima;
unatoka tanuri unaingia jokofu, unatoka tena.
Mafua niliyougua jangwani sijayaugua kwingine,
na ufundi huu unaouona nilianza kuujifunza
kwa kutafuta mahali pa kuizima ile baridi.

Mkataba usome mwenyewe, ukiwa umekaa.
Nakala ya pasipoti mwachie Mwanahawa.
Namba ya ubalozi iandike kwenye karatasi, uishone ndani ya pindo,
wewe si fundi nguo?
Simu ikisahauliwa nyuma ya kioo cha gari saa saba mchana
hufa na kila mtu unayemjua.

Ramadhani usile njiani, ingawa wewe ni wa Jumapili.
Kahawa watakumiminia mpaka utikise kikombe.
Mimi sikuambiwa.
Nilikunywa vikombe kumi na kimoja kwa heshima,
nikalala Ijumaa.

Kisha siku moja, unapima kitambaa,
bibi kizee atakuuliza kwa Kiswahili safi kuliko chako,
"Tabora ya wapi? Kwihara?"
Atataka kujua kama ile miembe ya barabarani ipo bado.
Mjibu ipo.
Mpe matobolwa mawili matatu, usimpe yote,
na usilie mpaka atoke.

Kulia utalia, hilo halina dawa ya ndimu.
Mimi nilikuwa nafungua bomba usiku, kidogo tu,
lidondokee sufuria,
nifumbe macho nijidanganye kuwa ni masika.
Mpakistani wa chumba cha pili aligonga ukuta kuuliza nini kinavuja.
Nikamwambia, hakuna. Naosha wali.
Baba yangu alikuwa amezikwa jana yake.

Basi tukubaliane.
Ikinyesha huku nitakupigia,
nitaiweka simu hapa juu ya kabati, karibu na bati.
Usiseme kitu, usiniulize habari za nyumbani.
Sikiliza tu mpaka salio liishe.

Haya, nipe hiyo koleo. Hiyo nyingine, yenye mpini mwekundu.
Ile ni honi, au ni lori la tumbaku?