Bega la Kulia

Nguzo ya Msellem ni bomba la chuma,
mita nne na ushei, unene wa paja la mtoto.
Imesimama mbele ya duka lake hapa Wete
na anataka ichukue roshani.
Tani nne, nimekadiria: zege, watu wa harusi,
na matangi mawili ya maji ambayo hakuyataja
mpaka nilipoyakuta yamelazwa uani.

Tani nne juu ya utosi, bomba linatosha.
Nilimwambia hivyo, akacheka, akaagiza chai.
Lakini Fundi Ussi boriti hakuiweka utosini.
Ameichomelea ubavuni,
sentimita sita kutoka kwenye kiini.

"Sita tu," alisema Ussi, akanionesha kwa vidole viwili
kama mtu anayeomba chumvi.

Usiku nikakaa na taa ya simu na penseli.
Tazama hesabu hii inavyochongea:
mzigo ukikaa pembeni huipinda nguzo,
nguzo ikipinda, mzigo husogea pembeni zaidi,
ukisogea huipinda tena,
na kila mmoja ana haki ya kumlaumu mwenzake.
Chini imezikwa kwenye zege. Juu hakuna kinachoishika,
na nguzo isiyoshikwa kichwa
huhesabiwa urefu wake mara mbili,
kwa hiyo mita nne za Msellem kwangu ni nane na zaidi.
Sita zikaingia,
ishirini na mbili zikatoka.
Nikafuta. Nikarudia. Ishirini na mbili.
Chuma kitakubali, kitakubali,
halafu siku ya harusi
hakitakubali.

Msellem hakubishana nami. Alikwenda kwa baba.

Baba alikuwa mchukuzi bandarini, magunia ya karafuu,
miaka thelathini na moja, bega la kulia.
La kushoto aliliweka akiba, alikuwa akisema,
kwa kuchukulia maiti za watu.

Akaja asubuhi na kofia yake ya Ijumaa
kuniomba nitie saini, niache maneno.
Akaizunguka nguzo. Akaigonga kwa ufunguo wa baiskeli.
Hakuuliza tani, hakuuliza mita.
Aliuliza: "Wameitwika bega gani?"

Nikamwonesha.

Akapakodolea macho pale penye weldi,
akahamisha mguu, kama afanyavyo akisimama sana,
kiuno kikaenda huku, kichwa kikarudi kule
kutafuta katikati iliyohama
kabla mimi sijaanza chuoni.
"Mwambie Msellem aishushe," alisema.
"Aiweke utosini, au alale bila roshani."

Sasa ni baada ya adhuhuri na Ussi anakata weldi yake mwenyewe,
kila cheche ina tusi lake.
Msellem anahesabu hasara kwa sauti ili mtaa usikie.
Baba amekaa kwenye baraza ya jirani,
ameegemea ukuta upande mmoja, anamenya chungwa,
ganda halikatiki.

Timazi ninayo mkobani.
Uzi ule ule nilioutundika ubavuni mwa bomba
ungeweza kushuka kutoka kisogo chake mpaka visigino,
na namba ningeipata kabla hajamaliza chungwa.

Nimeuzungusha kwenye kidole, nimeurudisha.