Ng'oeni Nanga

Saa nne na robo. Boti ya tatu leo
na bado sijanywa kahawa.
Nazamisha uso, miwani imenibana pua,
nafuata pete za mnyororo hadi chini:
nanga imelala juu ya nyasi
kama ng'ombe aliyeingia shamba la watu
akaona apumzike kabisa.

Neus yuko kwenye usukani. Mimi nasema yale yale:
Habari za asubuhi. Hapa ni hifadhi.
Ng'oeni nanga, sogeeni mita arobaini,
pale maji yalipopauka ni mchanga.
Najibiwa kwa lugha nne.
Tutaondoka tukishakula.
Ni majani tu.
Mmoja ananiinulia glasi.

Ni majani tu, kweli.
Bibi Eulària aliyazoa ufukweni baada ya dhoruba za Novemba,
akayaanika, akajazia godoro;
kunguni hawakuyataka.
Babu aliyatandaza darini chini ya udongo,
mvua ikakosa njia.
Siku hizi hoteli inayaita taka,
inaleta tingatinga alfajiri, wageni wakiwa bado wamelala,
kisha Machi meneja anauliza
mchanga wa ufukwe umekwenda wapi.

Sentimita moja kwa mwaka,
ndio mwendo wa mzizi huu ukitambaa.
Niliwahi kupima kovu la nanga moja: mita mbili.
Nikaanza kugawanya.
Nikaacha.

Saa nane mchana, boti ya kumi na moja,
nyeupe, ndefu. Hii naijua.
Nahodha ni Xumeu, kaka yangu,
aliyenifundisha kuzamia kwenye ghuba hii hii
nikiwa sijaota meno ya mbele.
Mchanga ulipo anapajua kuliko mimi.
"Abiria wanataka kivuli cha mwamba,"
ananiambia kwa lugha ya nyumbani, polepole, wasielewe.
"Na mkopo wa boti unalipwa Ijumaa."

Neus anatazama pembeni.
Kalamu imelowa. Naikung'uta mara mbili,
naandika: namba ya usajili. Saa. Kina, mita tisa.
Jina la nahodha
ananitajia mwenyewe, herufi kwa herufi,
kana kwamba hatukulala kitanda kimoja.

Nanga inapanda na shungi la kijani.
Halitupi. Analichomoa kwenye ncha,
ananirushia, nalidaka.

Jioni nazama nalo na vipande vya waya,
nalibana pale lilipotoka.
Huenda likashika.
Jumapili sote tunakula kwa mama;
mkate ni zamu yangu.