Laki na Themanini

Zamu ya upatu imeniangukia mwezi huu:
laki na themanini, noti zimekunjwa
ndani ya bahasha ya dawa za mbuzi.
Nimeiweka mezani, nikaikandamiza kwa kijiko,
maana upepo wa Ipagala hauombi ruhusa.

Wanaotaka kuila fedha hii wamepanga foleni.

Mbele kabisa, sufuria la chuma kisichoshika kutu,
lita hamsini, mikono miwili, koki tumboni.
Nililiona Majengo kwa muuza vyombo,
limetundikwa juu ya mabakuli
kama bwana harusi aliyezungukwa na wapambe wafupi.
Nikaligonga kwa ukucha. Likaitika.
Tumboni mwake nikajiona: pua pana, kichwa kidogo,
mpika pombe mwenye miezi minne kazini.

Nyuma yake mashine ya kusagia kimea.
Kwa sasa natwanga, na Lechipya wa chumba cha pili
huuliza kila Jumamosi
kama nina msiba au nina wageni.

Halafu friji la fundi Chisumo.
"Gesi tu imeisha," anasema,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuliuza mara tatu
na kurudishiwa mara tatu.

Kipimajoto kimesimama mwisho, hakina umbo.
Kijiti cha kioo, elfu kumi na mbili,
ukikigeuzia kisogo kimevunjika.
Nani humwonyesha mgeni kijiti?
Sufuria, naam, mgeni atauliza: na hili la nini?
Nami nitamjibu polepole.

Lakini nikae kidogo na ukweli wangu.
Mapishi matatu, yote matatu yameharibika.
La kwanza lilinuka kandambili iliyolowa.
La pili Lechipya alilionja, akanyamaza,
akasema, "Lina afya."
La tatu niliumwagia mpapai nyuma ya bafu;
ukapukutisha majani mawili, kwa adabu.

Mtama haukuwa na kosa. Ulitoka Mvumi, mwekundu,
nikauotesha mwenyewe juu ya gunia,
nikiamka usiku kuugeuza kama anavyogeuzwa mgonjwa.
Maji je? Yana chumvi, huacha ramani nyeupe kwenye birika,
ila mtama wa huku umeyazoea tangu shambani.

Basi jana nikaishika ndoo. Ileile ya rangi,
niliyokuwa nikiisugua kwa stilwaya na mchanga
nikidhani huo ndio usafi.
Nikaiinamisha mlangoni, jua likaingia,
likanionyesha mikwaruzo, maelfu,
kila mkwaruzo chumba cha kupanga,
na wapangaji hawalipi kodi, wanazaana tu.
Nikaupasua mpira wa kunyonyea: ndani utelezi
wa rangi ya meno ya mvuta kiko.

Sufuria la lita hamsini lingenipa nini?
Lita hamsini za kandambili.

Ndoo mpya yenye kifuniko, elfu kumi na tano.
Mpira, mita mbili, elfu nne.
Kijiti.
Kitambaa laini cha kuoshea sikununua,
nilichana fulana yangu ya mahafali.

Na lile joto la Oktoba, linaloifanya hamira
ikimbie kama ng'ombe walionusa maji?
Nimeiketisha ndoo kwenye karai, maji nusu,
nikaivisha gunia lililoloa, nikafungua dirisha.
Upepo uleule uliotaka kuiba bahasha
sasa unalipitia gunia, na unatoka umeacha ushuru.
Saa nane mchana nikasoma kijiti:
chumbani thelathini na mbili,
kwenye ndoo ishirini na tatu.
Nikasoma tena. Nikamwita Lechipya asome.

Leo nimepita Majengo. Sufuria bado lipo.
Tumetazamana.
Laki na arobaini na tisa ziko chini ya kijiko,
na sijaapa chochote.

Jioni Lechipya anagonga ukuta:
"Mbona hutwangi?"
Nasikiliza, namwambia.
Mpira mdogo umezama kwenye chupa ya maji,
na ndoo, ndani ya gunia lake, inasema: bu.
Kimya kirefu.
Bu.