Shaba Inarudi

Waliniita Jumanne, mvua ya Novemba imepumzika kidogo,
depo ya vipuri, Lubumbashi, barabara ya kwenda Likasi:
simu nne zisizo na waya, zote zina ugonjwa mmoja,
chwaaa, chwaaa,
kama mtu anakaanga dagaa ndani ya sikio lako.

Mama Eudoksia wa mapokezi alinibandika simu sikioni
kabla sijafungua mfuko.
"Sikia mwenyewe. Juzi mteja wa Kolwezi
aliagiza beringi kumi na sita.
Mimi nikasikia sitini.
Lori limeshakwenda. Bosi hanisalimii."

Nikaanza pale fundi anapoanzia: betri.
Tatu zilikuwa zimevimba kama mandazi. Nikabadilisha.
Chwaaa.
Nikakihamisha kitako cha simu mbali na kisanduku cha intaneti,
mbali na kabati la chuma, nikakipandisha juu ya rafu.
Ikapungua. Haikuisha.

Saa sita na robo kelele ikapanda tena.
Nikaifuata kwa miguu, simu sikioni,
kama mtu anayefuata nyuki,
korido, stoo, mpaka jikoni:
Papa Mwansa anapasha bukari na sombe ya jana
katika tanuri ya umeme,
sahani inazunguka, haina habari.
"Kumbe chakula changu kinapiga simu?"
Tukacheka, tukaihamishia tanuri ukuta wa pili.
Mama Eudoksia hakucheka.
"Na asubuhi je? Asubuhi hakuna anayepasha."

Kweli.

Nikachomoa kila kitu.
Mfukoni mwangu nina simu ya zamani, ya waya,
nzito kama jiwe la kusagia,
niliachiwa na fundi Kalumba aliyenifunza kazi.
Mgonjwa akikushinda, alikuwa akisema, uliza ukuta.
Nikaichomeka ukutani moja kwa moja.
Chwaaa.
Haya, ukuta umejibu.

Nje, nyuma ya mapipa ya oili, nikafungua kisanduku cha laini.
Mvua imeingia humo misimu mingapi, sijui.
Nyaya mbili za shaba, nyembamba kama miguu ya buibui,
zimeota kijani,
kijani kile kile cha mawe
aliyokuwa akirudi nayo baba, zamu ya usiku,
akayapanga dirishani bila kusema kitu.

Ilichimbwa huku huku, ikayeyushwa, ikavutwa uzi,
ikavuka bahari pengine, ikarudi imevaa plastiki,
ikabeba "alo, alo" za watu miaka thelathini.
Mvua ikaigusa tu,
ikakumbuka kwamba ilikuwa jiwe.
Ikaanza kurudi.

Nikasimama na kisu mkononi.
Kisha nikakata. Nikamenya mpaka ikawa nyekundu,
nikasokota, nikapaka grisi, nikafunga.

Ndani, Mama Eudoksia akapiga Kolwezi.
Mtu akakohoa upande wa pili,
tukakisikia kikohozi chote, mpaka mkia wake.
"Kumi. Na. Sita," akasema Mama Eudoksia,
polepole,
ingawa polepole haikuhitajika tena.

Bosi aliisoma ankara mara mbili.
Betri tatu, sawa. Grisi, sawa.
Saa nne za kazi? Ya nne ilikuwa ya nini?
Kipande cha kijani kilikuwa mfukoni mwa shati langu.
Nikamwambia: kungoja grisi ikauke.
Grisi haikauki.
Hakujua. Akalipa.