Nafasi ya Mtu Mmoja

Walikuja Jumamosi, theluji ingali kwenye kofia zao,
ukoo wa Kobalia, saba kwa hesabu yao,
sita kwa hesabu yangu.
Niliwahesabu tena mlangoni kama mwenye kuku,
nikanyamaza. Studio ina adabu zake.

Studio ni ya baba yangu, hapa Kutaisi, ghorofa ya chini:
jiko la kuni kwenye kona, pazia la kijivu lenye kiraka
ambacho nimejifunza kukificha kwa bega la mtu mrefu.
Mtu mrefu leo ni Badri, dereva wa lori la mawe,
shingo yake haijazoea kola.
Mkewe, Irma, amejipaka poda hadi masikioni.
Mapacha wanagombania kiatu. Mtoto mchanga amelala.
Na Bibi Zhuzhuna, anayevaa nyeusi tangu sijazaliwa,
ameketi kana kwamba kiti ndicho kilichokuja kumwona.

"Acheni nafasi hapo," akasema. "Ya Malkhaz."
Malkhaz, mziwanda, yuko Bergamo mwaka wa tisa,
anapaka rangi nyumba za watu.

Irma akanivuta kando, simu mkononi.
"Picha yake ninayo, mchomeke kwa kompyuta.
Na ukiwa humo, mtoe mama yale madoa,
nami unipunguze hapa kidevuni,
tuonekane watu."
Naweza. Nisidanganye, nimeshafanya.
Nimewavisha wafu suti, nimewapatanisha wagomvi
waliopigwa picha siku mbili tofauti.
Walilipa vizuri. Hakuna aliyerudi kuomba nakala.

Masikio ya bibi hayajazeeka.
Akafungua mkoba, akatoa kitambaa,
ndani ya kitambaa picha, kubwa kama kiganja,
kingo zake zimekatwa mawimbi kwa mkasi wa baba.
Familia mbele ya pazia hilihili, kabla ya kiraka,
wote wamekauka kama vigingi, ila pembeni kulia
kuna ukungu wenye vifungo vitatu vya shati.

"Kaka yangu Vazha. Miaka mitano. Alipiga chafya.
Baba yako alitaka kurudia bure,
lakini treni ilikuwa inaondoka.
Theluji haijayeyuka, homa ikamchukua.
Chafya hiyo ndiyo yote niliyo nayo."

Irma akairudisha simu mkobani.

Basi nikawapanga. Nafasi ya mtu mmoja
kati ya bega la Badri na kiti cha mama yake.
Kazi ikawa hapo: kila nilipoinama kwenye kamera
walikuwa wameshaiziba. Si kwa makusudi.
Mwili huvuta mwili, hasa kwenye baridi.
Nikatoka nyuma ya taa, nikawatenganisha kwa mikono miwili,
nikarudi, wameziba. Mara nne.
Mara ya tano bibi akanyoosha mkono,
akaushikilia hewani, kimo cha kiwiko cha mwanamume.
"Haya, piga. Mkono unachoka."

Pacha mmoja akacheka. Mtoto akaamka. Nikapiga.

Niliichapisha Jumanne, kwenye karatasi ya pamba,
nzito, isiyong'aa, yenye harufu ya daftari jipya.
Sikufuta kitu. Poda ya Irma inaishia tayani,
mpaka wake unaonekana.
Mtoto ana ukungu mahali pa ngumi.

Bibi alikuja peke yake kuichukua.
Aliigeuza nyuma kwanza, akaomba penseli,
akaandika majina saba, polepole, akilamba ncha.
Kisha akauliza bei ya nyingine, ndogo,
ya kuingia kwenye bahasha.
"Si ana simu?" nikasema. "Namtumia sasa hivi."
"Simu huizima akilala. Hii ataigongomea ukutani,
na kwa kuwa hana nyundo, namjua,
ataiomba kwa jirani,
angalau atakuwa amezungumza na mtu."

Alipoondoka nikaitazama nakala yangu.
Katika nafasi ya Malkhaz
kiraka kimejitokeza chote,
na uzi wa bluu wa mama yangu
aliyekosa wa kijivu.